Kabla Hujathibitisha Udahili: Mwongozo Kamili wa Kupima Shahada ya Uhandisi wa Vifaa Tiba, kwa Wanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, swali ni lile lile kutoka Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa: "Nimechaguliwa Uhandisi wa Vifaa Tiba. Je, ni kozi nzuri?" Mara nyingi linaulizwa wakati udahili umeshathibitishwa na mzazi ameshauza mahindi au viazi kutafuta ada. Majibu ya vijiweni nayo huishia kwenye jina la chuo, au kwenye maneno ya mtu aliyesikia kwamba vifaa tiba vina hela.

Jina la chuo halikwambii kama utahitimu ukiweza kufungua mashine ya usingizi, kuipima, kuifunga na kusaini kwamba ni salama kwa mgonjwa. Shahada hii inapaswa kukupa vitu viwili: mikono inayoweza kazi hiyo, na haki ya kisheria ya kuitwa mhandisi. Programu inayokosa kimoja kati ya hivyo haikufai, hata kama majengo yake yanang'aa.

Anza kazi hii mwezi Mei, ukishamaliza mtihani, usisubiri matokeo. Waliopangiwa JKT wamwachie mzazi, kaka au dada karatasi hizi zote, kwa sababu kambini huna uhakika wa simu.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, cha mwaka huu. Viko viwili: cha wanaotoka kidato cha sita na cha wenye stashahada. Pakua kinachokuhusu kwenye tovuti ya TCU, bure.
- Mtaala wa kila programu unayoifikiria, wenye majina ya kozi zote kwa kila muhula na krediti zake. Ukurasa wa matangazo wa chuo hautoshi.
- Orodha ya ada na michango ya miaka yote, si ya mwaka wa kwanza peke yake.
- Daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila chuo, na kalamu za rangi 4.
- Namba za wahitimu au wanafunzi wa mwaka wa mwisho, angalau watatu kwa kila chuo.
- Barua fupi ya kujitambulisha, nakala 3. Utaihitaji chuoni na hospitalini.

Mtaala usipoupata kwenye tovuti, mwandikie Mkuu wa Idara barua pepe ukiuomba. Ukimya wa siku 10 za kazi baada ya kumkumbusha mara moja ni taarifa tosha, iandike kwenye daftari. Idara isiyoweza kumwonyesha mwombaji anachokwenda kusomea itakusumbua pia siku utakapohitaji matokeo yako.

## Hatua ya 1: Hakikisha programu ipo kwenye kitabu cha mwaka huu

Fungua kitabu, tafuta chuo, kisha tafuta programu. Nakili mambo matano: jina kamili la shahada, msimbo wake, sifa za kuingia, idadi ya nafasi na miaka ya masomo.

Nakili jina kama lilivyo kwa Kiingereza. Zipo shahada zinazoitwa Biomedical Engineering, nyingine Biomedical Equipment Engineering, na nyingine za uhandisi wa umeme zenye mchepuo wa vifaa tiba. Tofauti hiyo huonekana kwenye mtaala, na siku moja mwajiri atalinganisha neno kwa neno kilichoandikwa kwenye cheti chako na kilichoandikwa kwenye tangazo lake.

Usitegemee kitabu cha mwaka jana alichokutumia rafiki kwenye WhatsApp. Programu huongezwa, hubadilishwa majina na hata kuondolewa.

Wa Kyela na Tukuyu wawe makini zaidi mtandaoni. Ukitafuta MUST utapata vyuo viwili: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na Malawi University of Science and Technology kilichoko Thyolo, ambacho kina shahada ya uhandisi tiba. Kuna watu hupakua mtaala wa Malawi wakidhani wanasoma wa Mbeya. Angalia anwani ya tovuti: ya Mbeya inaishia .ac.tz, ya Malawi .ac.mw. Kusoma nje si kosa, ila shahada ya nje hupitia utambuzi wa TCU, kwa hiyo waulize TCU utaratibu kabla hujavuka Kasumulu.

Hatua imekamilika ukiwa na msimbo ulioandikwa kwa mkono wako kutoka kwenye kitabu cha mwaka huu. Programu isiyokuwemo ifute hapo hapo, bila kujali nani alikuahidi kwamba "iko mbioni kuidhinishwa".

## Hatua ya 2: Soma sifa za kuingia neno kwa neno

Kiwango cha jumla cha TCU kwa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya principal yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Huo ni mlango wa nje tu. Programu za uhandisi hutaja masomo yenyewe, na hapo ndipo wa PCB wanapoanguka: programu nyingine inakubali Fizikia na Baiolojia ukiwa na ufaulu wa Basic Applied Mathematics, nyingine haikubali bila Hisabati ya Juu. Tafuta maneno yenye maana ya "lazima" na "mojawapo kati ya" kwenye sentensi ya Kiingereza. Ukibabaika, mpelekee mwalimu wa taaluma.

Wenye stashahada wataangalia GPA, ambayo kwa kawaida huanzia 3.0, na kama jina la stashahada yao limetajwa waziwazi.

## Hatua ya 3: Uliza Bodi ya Usajili wa Wahandisi

Huruhusiwi kufanya kazi ukijiita mhandisi Tanzania bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kwa Sheria Na. 15 ya 1997. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi, kwa mfano kupitia mpango wa SEAP wa miaka 3, ndipo aombe usajili wa mhandisi mtaalamu.

Swali la kuiuliza ERB kwa barua pepe liwe moja na la moja kwa moja: "Je, wahitimu wa shahada hii, yenye jina hili, kutoka chuo hiki, wanasajiliwa kama wahandisi wahitimu?" Weka jina kamili ulilonakili hatua ya 1. Usiulize kama "kozi inatambulika", kwa sababu programu inaweza kutambuliwa na TCU kama shahada halali na bado Bodi ikawa na maswali yake juu ya uhandisi uliomo ndani. Vyombo hivyo viwili vina kazi tofauti.

Chuoni nako uliza: wahitimu wangapi wa programu hii wameshasajiliwa? Programu mpya isiyo na mhitimu hata mmoja haitakuwa na jibu, na hilo si kosa lake. Kosa ni kukujibu "hiyo haina shida" bila karatasi. Jibu la ERB lihifadhi. Likija "hapana", programu inatoka kwenye orodha, hakuna haja ya kuendelea nayo.

## Hatua ya 4: Pima mtaala kwa kalamu

Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu mtaala una maneno magumu. Huhitaji kuyaelewa yote, unahitaji kuhesabu.

Kwa mfumo wa Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, maabara na kujisomea. Mwaka mmoja ni krediti 120, kwa hiyo shahada ya miaka 4 haipungui 480. Chukua kalamu zako nne upake kila kozi rangi:

- Rangi ya kwanza: hisabati, fizikia, kemia, baiolojia, anatomia na fiziolojia.
- Rangi ya pili: uhandisi wa jumla, yaani umeme, elektroniki, mekanika, programu za kompyuta, udhibiti.
- Rangi ya tatu: vifaa tiba vyenyewe.
- Rangi ya nne: yaliyobaki, kama stadi za mawasiliano, ujasiriamali na maendeleo.

Mafunzo ya field na mradi wa mwisho yaache bila rangi, yana hatua yake.

Jumlisha kila rangi. Kipimo kizuri cha kulinganishia ni cha ABET, taasisi ya ithibati ya Marekani, inayodai angalau robo ya shahada ya kawaida iwe hisabati na sayansi za msingi, na karibu theluthi moja na kidogo iwe uhandisi. Kwa krediti 480 hiyo ni kama 120 kwa rangi ya kwanza na 180 kwa rangi ya pili na ya tatu pamoja. Si sheria ya Tanzania, lakini inakuonyesha haraka programu iliyopinda upande mmoja. Sisi tungetaka rangi ya tatu peke yake isipungue 80. Chini ya hapo, unasoma umeme wenye jina la hospitali.

Baada ya kuhesabu, tafuta mambo haya kwa majina:

Hisabati inayofika kwenye milinganyo difrensheli, pamoja na takwimu. Bila ya kwanza huwezi kueleza jinsi hewa inavyoingia na kutoka kwenye pafu linaloendeshwa na ventileta. Bila ya pili huwezi kusema kama mashine inayosoma presha tofauti mara tatu imeharibika au inayumba ndani ya mipaka yake.

Fiziolojia, si chini ya kozi mbili. Kozi moja ya muhula mmoja inayobeba anatomia, fiziolojia na istilahi za kitabibu kwa pamoja haifundishi chochote vizuri.

Vihisio (sensors) na upimaji wa mwili. Hii ndiyo kozi mama. Umeme wa moyo unaosomwa kwenye ngozi ni kama milivolti 1 tu, na umeme wa TANESCO wa hezi 50 unajipenyeza kwenye nyaya hizo hizo. Mwanafunzi lazima ajifunze kuukuza ule mdogo na kuukata huu mkubwa, na ajifunze kwa kutengeneza saketi kwa mikono yake. Kozi hii isipokuwa na saa za maabara kwenye mtaala, weka alama nyekundu.

Usalama wa umeme wa vifaa tiba. Kiwango cha kimataifa ni IEC 60601-1. Kwa kifaa kinachogusa moyo moja kwa moja, umeme unaovuja kwenda kwa mgonjwa katika hali ya kawaida haupaswi kuzidi maikroampea 10. Mtaala usiotaja usalama wa umeme popote unatoa mafundi wa kubahatisha.

Mashine za picha na mionzi, pamoja na kanuni za Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC. Sheria za vifaa tiba, ambazo msimamizi wake ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Usimamizi wa vifaa hospitalini: kuorodhesha, matengenezo kinga, kuandika sifa za kiufundi za ununuzi, kupokea mashine mpya na kuondoa iliyokufa. Hili la mwisho halina mvuto kwa mwanafunzi, lakini ndilo litakalokula nusu ya siku zako kazini.

Angalia pia mpangilio. Kozi ya uchakataji wa signali ikija kabla ya milinganyo difrensheli, au ya vifaa vya ICU kabla ya fiziolojia, mtaala ulipangwa kufuata ratiba za walimu. Wanafunzi watakariri, watafaulu, na hawatajua kitu.

Ukimaliza unatakiwa uwe na namba nne na orodha ya vilivyokosekana kwa kila chuo.

## Hatua ya 5: Ingia maabara

Hakuna hatua inayofichua mambo kama hii. Nenda mwenyewe ikiwezekana. Kama chuo kiko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, mpe ndugu aliyeko huko orodha hii aende nayo, au omba mwanafunzi akuonyeshe kwa simu ya video.

Nenda katikati ya wiki, masomo yakiendelea. Mwishoni mwa muhula utakuta mitihani, na kati ya Julai na Septemba wengi wako field. Anzia ofisi ya Mkuu wa Idara na barua yako, kisha omba kuonana na fundi sanifu wa maabara. Huyo ndiye anayejua kipi kinawaka na kipi ni pambo. Msalimie kwa heshima, mweleze kwamba unataka kusoma hapo, usiende kama mkaguzi.

Tafuta makundi mawili ya vitu.

La kwanza ni meza za elektroniki: osiloskopu (kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo), jenereta ya mawimbi, chanzo cha umeme kinachorekebishika, multimita, pasi ya lehemu. Usihesabu osiloskopu peke yake. Uliza darasa lina watu wangapi na linagawanywa makundi mangapi. Darasa la watu 60 lenye osiloskopu 5 likiingia lote, ni watu 12 kwa kila moja: mmoja anashika, 11 wanatazama. Likigawanywa makundi manne ya watu 15, ni watu 3 kwa kila moja, na hiyo inafaa. Ila kipindi cha saa 3 mara makundi manne ni saa 12 za mwalimu kwa wiki kwa kozi moja. Uliza nani anazifanya. Ukiona fundi sanifu anacheka na kutazama pembeni, umeshajibiwa.

La pili ni vipimaji vya vifaa tiba, ambavyo ndivyo vinaitofautisha idara hii na idara ya umeme: kipimaji cha usalama wa umeme, simuleta ya mgonjwa inayotoa mawimbi ya moyo na presha, kipimaji cha defibrileta (mashine ya kushtua moyo), kipimaji cha pampu za dripu na kipimaji cha mtiririko wa gesi. Vinne kati ya vitano ni vizuri. Viwili vya mwanzo ni vya lazima. Angalia kibandiko cha kalibresheni, yaani kuhakiki kwamba kifaa kinasoma sahihi, pembeni ya kila kimoja: kwa kawaida hufanywa kila mwaka. Kibandiko cha miaka minne iliyopita maana yake namba kinazotoa hazina mdhamini.

Kisha tazama mashine zenyewe. Ventileta ikiwa kwenye plastiki yake tangu ilipoletwa kama msaada haifundishi mtu. Ventileta mbovu iliyofunguliwa, yenye alama za bisibisi na karatasi za michoro pembeni, ina faida kuliko hiyo. Tafuta mikwaruzo.

### Swali moja la kupima kama idara inafundisha kwa ajili ya hapa

Muulize mwalimu au mwanafunzi wa mwaka wa nne: "Otoklevu (mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke) ya zamani ya geji, ukiwa Mbeya, mshale usome ngapi ili mvuke ufike nyuzi 121?"

Usawa wa bahari jibu ni paundi 15 kwa inchi ya mraba. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, hewa inayotukandamiza ni pungufu, na geji husoma tofauti kati ya ndani na nje. Kwa hiyo paundi 15 za Mbeya zinatoa nyuzi kama 118 tu. Ili kufika 121 unahitaji karibu paundi 18. Njombe na Makete, walio juu zaidi, wanahitaji zaidi ya hapo. Otoklevu mpya zinazofuata kihisio cha joto hurekebisha zenyewe, lakini zile za geji bado zinatumika kwenye zahanati, na nyuzi 3 zikipungua muda ule ule wa dakika hautoshi kuua vijidudu vyote.

La pili, kwa wanaotaka kuendelea: kipimaji cha oksijeni cha aina ya seli ya kemikali kilichokalibretiwa Dar es Salaam, ukikiwasha hewani Mbeya kitasoma kama asilimia 17 badala ya 21. Kimeharibika? Hapana. Seli hupima mgandamizo wa oksijeni, si asilimia, kwa hiyo kinakalibretiwa upya hapa hapa kwa hewa ya kawaida. Fundi asiyejua hili ataitupa konsentreta nzima ya oksijeni akidhani haitoi kiwango.

Mwanafunzi wa mwaka wa nne hatakiwi kujua namba kichwani. Anatakiwa achukue karatasi na aanze kukokotoa mgandamizo wa hewa. Ukiona hivyo, idara ina walimu.

## Hatua ya 6: Walimu

Hesabu wenye shahada ya uhandisi tiba yenyewe, angalau mmoja kwa kiwango cha uzamivu na wawili kwa uzamili. Idara yote ikiwa ya watu wa umeme na mawasiliano, rangi ya tatu ya mtaala itasomwa kwenye slaidi. Uliza fiziolojia inafundishwa na nani: daktari au mtaalamu wa fiziolojia, au anayepatikana. Orodha ya kwenye tovuti ilinganishe na ratiba ya muhula huu, kwa sababu walioko masomoni nje ya nchi hubaki kwenye orodha kwa miaka.

## Hatua ya 7: Field na hospitali

Uliza wiki ngapi, mara ngapi, na wapi. Wiki 8 kwa awamu, awamu tatu, angalau mbili zikiwa hospitalini, ni mpangilio mzuri. Kisha omba kuona kitabu cha kumbukumbu cha mwanafunzi aliyerudi. Kinachofaa kina maandishi kama "pampu ya dripu, kengele ya hewa inalia bila hewa, kihisio kimesafishwa, imepimwa mililita 50 kwa saa". Kibaya kina "nilisaidia idarani" kwa wiki nzima.

Sasa nenda hospitali iliyo karibu nawe. Kwa Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda na kitengo chake cha wazazi cha Meta. Iringa kuna ya Rufaa ya Mkoa na Tosamaganga. Njombe kuna Ilembula na Ikonda. Barua yako ipelekwe kwa Mkurugenzi Mtendaji au Mganga Mfawidhi, ukiomba nusu saa na wahandisi au mafundi wa vifaa tiba. Epuka asubuhi ya Jumatatu, watakuwa wanazima moto wa wikiendi.

Maswali ya kuwauliza:

1. Mnapokea wanafunzi wa field kutoka vyuo gani?
2. Mwanafunzi wa chuo hiki akifika siku ya kwanza, anaweza kufanya nini bila kuelekezwa?
3. Mngekuwa mnaajiri kesho, mngemjaribu kwa mashine gani?

Swali la pili ni la dhahabu. Usiulize chuo kipi ni kibaya. Watu wa kazi hawapendi kuchafua vyuo vya wenzao, na utapewa jibu la adabu lisilo na kitu.

Kama chuo hakina makubaliano ya maandishi na hospitali yoyote, na kila mwanafunzi anajitafutia nafasi, punguza alama nyingi. Anayetoka kijijini Ludewa bila mtu wa kumshika mkono ataishia kwenye duka la kutengeneza simu na fomu yake itasainiwa hivyo hivyo.

Mradi wa mwisho nao uko hapa. Omba vichwa vya miradi ya miaka miwili iliyopita. Robo tatu yake ikiwa ni maikrokontrola (chipu ndogo ya kompyuta) inayowasha taa na kutuma ujumbe wa simu, hakuna anayewasimamia. Mradi mzuri una jedwali la vipimo: kifaa kilisoma hivi, kifaa cha rejea kilisoma vile, tofauti ni hii.

## Hatua ya 8: Wahitimu na ajira

Ingia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, tafuta matangazo ya nyuma ya wahandisi na mafundi sanifu wa vifaa tiba, na usome sehemu ya sifa. Andika majina ya shahada yaliyotajwa, na kama usajili wa ERB umedaiwa. Linganisha na jina la hatua ya 1.

Kisha wapigie wahitimu watatu. Uliza: ulikaa muda gani kabla ya kazi ya kwanza? Unafanya nini Jumanne ya kawaida? Nini ulilazimika kujifunza upya kazini? Tafuta wako mwenyewe, usitegemee wale chuo kinaowaweka kwenye mabango. Kumbuka waajiri si hospitali za serikali tu: kuna hospitali za mashirika ya dini, kampuni zinazouza na kufunga mashine, na Bohari ya Dawa.

## Hatua ya 9: Gharama

Jumlisha miaka 4: ada, michango, malazi, nauli mara mbili au tatu kwa mwaka, gharama za field, na vifaa vyako binafsi, yaani kompyuta mpakato, multimita na seti ya bisibisi ndogo. Field ndiyo husahaulika, hasa ukipangiwa mkoa usio na ndugu. Maombi ya mkopo wa HESLB yana dirisha lake na tarehe zake, hayasubiri udahili wako ukamilike.

## Hatua ya 10: Toa alama, kisha thibitisha

Programu zilizopita hatua ya 1, 2 na 3 zipe alama kati ya 100: maabara 30, mtaala 25, field na mradi 20, walimu 10, wahitimu 10, gharama 5. Gharama imewekwa chini makusudi. Programu ya ada nafuu isiyo na vipimaji utailipia baadaye kwa miaka ya kujitolea bila mshahara.

Programu mbili zikitofautiana chini ya alama 5, zihesabu sawa na uchague ya karibu na nyumbani. Hakuna hata moja iliyofika 50? Usilazimishe. Uhandisi wa umeme kwenye chuo imara, kisha uzamili wa uhandisi tiba, ni njia halali. Nyingine ni stashahada kwanza, kwa mfano Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, au Chuo cha Ufundi Arusha, ambako unashika mashine mapema, na shahada inafuata ukiwa na kazi.

Ukiomba, weka programu kwa mpangilio wa alama zako, si wa umaarufu. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, TCU inakutaka uthibitishe kimoja kwa msimbo wa siri unaotumwa kwenye simu uliyojisajilia. Laini hiyo iwe hewani, na iwe ya mtu atakayekuwa na mtandao; kama uko kambini, iwe mkononi mwa mzazi pamoja na daftari. Msimbo usipofika, ingia kwenye akaunti yako ya maombi uuombe tena kabla dirisha halijafungwa. Ukithibitisha, nafasi zako nyingine zinaachiwa kwa wengine, kwa hiyo soma jina la programu na msimbo wake mara mbili kabla ya kubonyeza.